Somo: Kutoka Kisumu kwenda kuona nyangumi Watamu wakati wa kusi

Aliyezoea boti za Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria huko Kisumu, hufika Watamu na imani moja inayomponza: kwamba maji ni maji. Mawimbi ya Ghuba ya Winam ni mafupi, huinuliwa na upepo wa alasiri, na upepo ukilala nayo hulala. Bahari ya kusi, upepo wa kusini unaovuma katikati ya mwaka, haiko hivyo. Nje ya mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuo kuna mawimbi marefu yaliyotoka mbali, na hata asubuhi tulivu boti hupanda na kushuka polepole. Tumbo ndilo la kwanza kujua. Nyangumi wa nundu nao huja pwani yetu miezi hiyohiyo, hasa Julai hadi Septemba, kwa hiyo maandalizi ndiyo nusu ya safari.

Hatua ya 1: Siku na njia

Tenga asubuhi 2, si 1. Bahari ikichafuka nahodha ataahirisha, na mwenye tiketi ya kurudi siku hiyohiyo ataondoka bila kuona kitu. Ukiweza kuchagua, lenga mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba: nyangumi bado wapo na kusi imeanza kuchoka kuelekea demani, majira ya upepo mwanana.

Basi la usiku hadi Nairobi (wa Nakuru atapandia njiani), treni ya SGR hadi Miritini, uingie Mombasa, upande matatu ya Malindi na ushukie Gede. Tuktuk itakumalizia. Usipande boti kesho yake alfajiri ikiwa hujalala vizuri. Uchovu huzidisha kichefuchefu.

Hatua ya 2: Kagua boti kabla ya kulipa

Uliza kama ina injini 2. Ikizima moja katikati ya bahari, ya pili itawarudisha. Uliza kama ina redio ya mawasiliano, kwa sababu simu hupoteza mtandao ukienda mbali na pwani. Uliza pia saa ya kuondoka kulingana na maji: wakati wa bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupwa sana, na boti inaweza kukwama kwenye mchanga hata kabla ya kufika mlango wa mwamba, yaani pengo la kutokea baharini.

Jaketi la kujiokoa lijaribu ukiwa nchi kavu. Funga vifungo vyote, kisha mwenzako alishike mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa mno. Ndani ya maji litakuvuka kichwani. Mtoto apewe la saizi yake, si la mtu mzima lililokazwa kwa kamba.

Hatua ya 3: Tumbo

Dawa ya kichefuchefu cha safari inywe saa 1 kabla ya kuondoka. Ukisubiri mpaka uanze kutapika umechelewa, maana tumbo halitaishikilia. Kula kidogo: ndizi, mkate mkavu, chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Mandazi ya mafuta yaache yasubiri. Usiende na tumbo tupu pia.

Kaa karibu na katikati au upande wa tezi, yaani nyuma, ambako boti hurukaruka kidogo. Omo, yaani mbele, kuna picha nzuri lakini ndiko kunakopigwa zaidi. Macho yatazame upeo wa bahari, simu ikae mfukoni. Ukizidiwa, inamia upande upepo unakoelekea.

Hatua ya 4: Kumtafuta nyangumi

Gawaneni bahari kama uso wa saa: omo ni 12, tezi ni 6, kila mtu alinde kipande chake. Tafuta kwa macho matupu kwanza, darubini baadaye. Darubini inayokuza mara 7 au 8 inatosha. Ya mara 10 hutikisika mno botini.

Unachotafuta ni kiwingu cheupe cha pumzi, kimo cha mita 3 hivi, kinachopeperushwa upesi na upepo. Kwa kawaida atapumua mara kadhaa, kisha atakunja mgongo (hapo utaona kwa nini anaitwa wa nundu) na kuinua mkia. Mkia ukizama, tazama saa yako: mara nyingi atarudi baada ya dakika 5 hadi 15. Alipozamia hubaki duara laini juu ya maji, kama mtu amemwaga mafuta ya kupikia, na viwimbi havilivunji kwa muda. Msilifukuze duara hilo. Yeye ameshaondoka, na mkikimbia huku na huku mtamkosa akiibuka.

Hatua ya 5: Kumkaribia

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na kosa huwa la abiria wanaomshinikiza nahodha. Kuanzia mita 300 mwendo upungue. Boti ijongee kwa ubavu, sambamba naye, isimkatie njia mbele wala kumfuata kisogoni. Kwenye mita 100 isimame, injini ikiwa imetolewa gia. Kwa mama na mtoto kaeni mbali zaidi, na msiingie kati yao.

Sababu ni chakula. Nyangumi hawa hula uduvi katika bahari baridi za kusini karibu na Antaktika, kisha huja kwenye maji ya joto kupandana na kuzaa. Huku mama hali chochote cha maana, lakini ananyonyesha mtoto anayezaliwa na urefu wa mita 4 hivi. Kila akikimbizwa anachoma mafuta aliyoyaweka kwa ajili ya maziwa na safari ya kurudi. Mkiona anabadili njia ghafla, anapiga mkia majini tena na tena au anajiweka kati ya boti na mtoto, ondokeni polepole.

MASWALI YA WANACHAMA WA KIKUNDI CHETU

Mwanachama wa Kakamega: Mwalimu, nyangumi ndiye papa shilingi?
Jibu: Hapana. Papa shilingi ni samaki, ana mashavu ya kupumulia majini na mkia uliosimama wima. Nyangumi ni mnyama anayenyonyesha, huibuka kuvuta hewa, na mkia wake umelala bapa.

Mwanachama wa Nyalenda, Kisumu: Viboko wa Hippo Point hushambulia boti. Huyu je?
Jibu: Kiboko hulinda eneo lake. Nyangumi hana tabia hiyo, ila ana uzito wa tani 25 au zaidi, na akiruka karibu anaweza kupindua boti bila kukusudia. Mita 100 zinawalinda ninyi pia.

Mwanachama wa Nakuru: Dada, mke wangu ana mimba ya miezi 6. Aende?
Jibu: Ndugu, abaki ufukweni. Boti hugonga mawimbi kwa kishindo, na dawa ya kichefuchefu asimeze bila daktari. Abebe darubini: siku nyingine pumzi huonekana kutoka nchi kavu, hasa asubuhi kabla upepo haujachafua bahari.

Mwanachama wa Bungoma: Picha zangu zote zilitoka ukungu.
Jibu: Ni chumvi kwenye lenzi. Lowesha kitambaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, gusisha kwanza bila kusugua, kisha pangusa. Kwa simu, rekodi video bila kuvuta picha karibu, na uanze pale mgongo unapokunjwa, maana mkia hukaa juu sekunde chache tu.