Sheria za judo zikibadilika, mazoezi yako yabadilishe hivi

Mwanzoni mwa 2025 nilikuwa na kijana mmoja klabuni, ana mshiko mzuri, chini pia yuko vizuri tu, sasa kwenye pambano moja jamaa akamwahi akambana chini, kijana akatulia kabisa, anavuta pumzi, hana presha, kwenye sekunde ya saba hivi akainua kiuno kwa nguvu akageuka akatoka, akasimama anatengeneza koti lake kama mtu aliyemaliza kazi yake. Kumbe ubaoni mwenzake keshaandikiwa yuko, ile alama ndogo kuliko zote za sasa. Dakika nne zikaisha hivyohivyo, akapoteza kwa hiyo yuko moja. Na sheria mpya alikuwa anaijua jamani! Jana yake tu alinitajia yote, ukimbana mtu sekunde tano yuko, kumi wazaari yaani alama ya kati, ishirini ippon inayomaliza pambano. Ila mwili wake ulikuwa bado unahesabu kumi za zamani.

Iliniuma sana, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye mazoezi yangu mimi kocha, nilimpa maneno sikumpa mazoea. Kwa hiyo naandika hapa namna tunavyofanya sasa hivi klabuni kila sheria ikiguswa, labda itamsaidia kocha au mchezaji mwingine.

Kwanza jua zinabadilika lini. Shirikisho la dunia, IJF, mara nyingi linageuza sheria Olimpiki zikishapita. Baada ya Beijing 2008 koka, alama iliyokuwa chini ya yuko, ikafutwa, baada ya London 2012 ikapigwa marufuku kabisa kushika miguu ukiwa umesimama, na kubana chini kukapunguzwa sekunde, baada ya Rio 2016 ikafutwa yuko na wanaume wakashushwa kutoka dakika tano hadi nne, baada ya Paris 2024 yuko ikarudishwa kuanzia 2025. (Watoto klabuni wanacheka kila nikiitaja, maana kwa Kiswahili inasikika kama unamuulizia mtu yuko wapi, basi wacheke tu, hawaisahau.) Kwa hiyo Olimpiki zikiisha usilale. Na katikati ya mzunguko pia huwa wanarekebisha, mfano 2017 wazaari mbili zilikuwa hazijumlishwi kuwa ippon, 2018 wakarudisha, mwaka mmoja tu umepita! Aliyezoea vya 2017 akaenda navyo hivyohivyo alipata shida.

Ukishaipata sheria mpya usikimbilie kuikariri. Kaa nayo na daftari, kila mstari jiulize vitu viwili, hii inamlipa nani na inamuumiza nani. Chukua ile ya miguu, ndo mfano mzuri kuliko yote. Beijing 2008 Naidan Tuvshinbayar wa Mongolia, kilo 100, raundi ya kwanza tu alimtoa Keiji Suzuki wa Japani kwa kumshika mguu, akaenda mpaka mwisho akachukua dhahabu, ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Wamongolia wana mieleka yao ya jadi, kushika mguu wamekua nako. 2010 ikaja marufuku ya kuurukia mguu moja kwa moja, 2013 mkono wowote chini ya mkanda ukakatazwa ukiwa umesimama. Sasa wewe kocha hapo unaona nini? Aliyekuwa anainama chini kama anatafuta shilingi iliyodondoka amepoteza silaha yake, anayesimama wima na mshiko mzuri wa kola na mkono wa koti ameongezewa bei, mitupo ya kusimama wima kama uchimata na haraigoshi inarudi kuwa mali. Wamongolia hawakukaa wakalia, wala Wageorgia, walibadilisha wakaendelea kuchukua medali. Kataguruma, mtupo wa kumbeba mtu mabegani, mpaka leo unaiona, mtu anashika mkono wa koti anazama chini ya kwapa anamvingirisha mwenzake bila kugusa mguu hata kidogo. Mtupo ni uleule, njia ya kuuingia ndo imebadilika. Kwa hiyo kabla hujamwambia mwanafunzi aache mbinu yake anayoipenda, tafuta kwanza kama ina mlango mwingine, mara nyingi upo.

Sasa kwenye mkeka, hapa ndo penyewe.

Tabia ya zamani haitoki kwa kukemewa. Sisi mkono ukishuka chini ya mkanda kwenye randori, yaani mapambano ya mazoezi, nasimamisha palepale, wote wawili wanarudi katikati, aliyekosea anaanza na shido moja mgongoni, ndo adhabu ndogo ya refa. Akikosea tena mbili. Ya tatu anatoka nje mwingine anaingia, kama ilivyo kweli, maana shido tatu ni hansokumake na umeshapoteza pambano. Sipigi kelele. Wiki mbili tatu mkono wenyewe unaanza kukataa kushuka. Ila wakumbushe pia kwamba chini kwenye kubana na kugeuzana miguu inashikwa, wapo watoto wakisikia marufuku wanaogopa mpaka chini, wanaacha nafasi nzuri zinapita bure.

Kwa yuko ya kubana tunafanya hivi. Mmoja analala chini, ameshabanwa kabisa kwa mbano wa kesagatame au yokoshihogatame, mimi nina saa ya simu, nikisema anza ana sekunde nne tu atoke. Nne, sio tano, ile moja namuibia makusudi. Hakuna kupumzika kwanza wala kusoma mazingira, mkono ukishabanwa tu kiuno kinafanya kazi. Mwanzoni hakuna anayetoka, wote wanalalamika kocha haiwezekani, na kweli ukishabanwa vizuri sekunde nne ni chache sana, na hapo ndo wanaelewa wenyewe kwamba kazi inatakiwa ianze kabla ya kubanwa, wakati unaanguka, ugeuke tumbo, ushike mguu wa mwenzako kwa miguu yako asipite. Hilo nililisema mwaka mzima kwa mdomo halikuingia, saa ya simu imeliingiza kwa wiki moja.

Upande wa pili usisahau, anayebana. Zamani mtu akishatupa akapata wazaari yake alikuwa anasimama anasubiri refa. Sasa mfundishe kila mtupo aufuate chini, hata ule uliomwangusha mwenzake ubavu tu na refa hajasema kitu, sekunde tano ni fupi mno kuziacha. Kwa wale wenye mwili mdogo wasio na mtupo mkubwa hii sheria ni zawadi kabisa, mimi naipenda kwa sababu hiyo, kazi ya chini imepata heshima yake.

Hesabu ya alama nayo iweke wazi kichwani mwao. Yuko hata ziwe sita hazifikii wazaari moja. Wazaari mbili ni ippon, pambano limekwisha. Kwa hiyo ukiongoza kwa yuko moja na zimebaki dakika mbili hujaongoza chochote bana, endelea kushambulia, na ukianza kukimbia kimbia unapigwa shido za kutoshambulia na za kutoka nje ya eneo mpaka zinakumaliza mwenyewe. Tunacheza randori ya dakika moja tu, mmoja anaanza akiwa na yuko, mwingine hana kitu. Inafundisha wote wawili kwa wakati mmoja.

Halafu pumzi. Tangu 2013 muda wa ziada hauna kikomo, mnaendelea mpaka mmoja apate alama au afikishe shido zake tatu. Tarehe 13 Desemba 2020 pale Kodokan, makao makuu ya judo Tokyo, Hifumi Abe na Joshiro Maruyama waligombea nafasi moja ya Olimpiki kilo 66, walipigana dakika 24. Ishirini na nne! Na mule ndani alama yoyote inamaliza, sasa hivi hata yuko, maana yake ukichoka ukabanwa sekunde tano tu umekwenda na maji. Kwa hiyo sisi mara moja kwa wiki randori haina kengele, inaisha alama ikipatikana, na ikipita dakika sita namwingizia mmoja mpinzani mpya ambaye hajachoka. Usifanye hivi kwa watoto wadogo, wala wiki ya mashindano.

Kingine kidogo lakini muhimu, tafuta mtu wa klabu asomee uamuzi, hata mzazi anayependa mchezo. Akae pembeni kwenye randori atoe alama na shido kwa ishara zenyewe kama refa. Wachezaji wanazoea kuangalia mkono wa refa, na wewe kocha unajua unayofundisha yanaonekanaje kwa mtu aliye nje, maana mara nyingi tunachokiita ippon sisi wenyewe ni wazaari tu, na ippon inataka mgongo, nguvu, kasi na uwe umemtawala mpaka anafika chini.

Kama unataka kuona kiwango cha huko juu kilivyo na mtu wetu akiwa ndani, tafuta video za Paris 2024 za kilo 73, Mtanzania Andrew Mlugu alikuwepo. Angalia bila sauti na uite wewe mwenyewe kila shido kabla refa hajaita. Zile zilichezwa na sheria za kabla ya yuko kurudi, kwa hiyo ziangalie mara ya pili ukihesabu nani angepata yuko na wapi, utashangaa pambano linavyogeuka.

Mwisho, siku ya mashindano fika mapema kwenye kupima uzito, umuulize refa mkuu uso kwa uso, leo tunatumia sheria za mwaka gani, kubana ni sekunde ngapi, watoto wana muda gani na nini wamekatazwa. Mashindano ya mitaani na ya shule kuna wakati wanabaki na za zamani. Ukishajibiwa wakusanye vijana wako kabla hawajaanza kupasha, mlaze mmoja chini, mbane, hesabu kwa sauti mpaka namba ya siku hiyo.