Namna ya kubishana kuhusu tredi mbovu ya timu yako na usionekane umeshuka kwenye ndege jana

Kama uko Marekani na kazini kwako watu wanaongea besiboli, kuna siku tu utakuta wamefika kwenye ile mada ya tredi gani (yaani kubadilishana wachezaji na timu nyingine) ilituua, na utawashwa kuchangia. Usikurupuke. Mi nilikurupuka. Nilikuwa na miezi minne hapa Chicago, tumekaa chumba cha mapumziko, nikatoa sauti eti tredi mbovu kuliko zote ni timu ya Boston kumwachia nyota wao Babe Ruth aende New York. Kuna mzee mmoja dereva wa foklifti, shabiki damu damu wa Cubs, timu ya hapa Chicago, akaweka kikombe cha kahawa chini taratibu kabisa, akaniangalia, akauliza, "Na wao walipewa mchezaji gani?" Kimya. Hawakupewa mchezaji yeyote, jamani. Chumba kizima kilicheka.

Basi anzia hapo: tredi sio kuuza. Sisi tumezoea mambo ya usajili, Simba au Yanga anamtaka mtu anatoa hela anambeba. Huku timu zinabadilishana watu kwa watu, na mara nyingi mchezaji mwenyewe wala haulizwi, anaamka anapigiwa simu kwamba kuanzia leo wewe ni wa mji mwingine. Ruth aliuzwa kwa dola 100,000, dili likatangazwa Januari 1920, na Boston waliokuwa mabingwa 1918 hawakuuona tena ubingwa mpaka 2004. Inauma sana ila ni mauzo, ukiitaja kwenye ubishi wa tredi utakatwa palepale kama mimi.

Pili, na hapa ndo wengi wanafeli, usijue jina la aliyeondoka tu, mjue na aliyekuja. Mfano wa kujifunzia ni ule wa Chicago wenyewe, na ukikaa mji huu utausikia mpaka uchoke, "Brock kwa Broglio", wanautamka kama neno moja. Tarehe 15 Juni 1964 Cubs walimtoa kijana anaitwa Lou Brock aende St. Louis Cardinals, mahasimu wao wakubwa kabisa, wakamchukua mrushaji (yule anayewarushia wapigaji mpira) Ernie Broglio, na kulikuwa na wengine pande zote mbili ila hao hakuna anayewakumbuka. Brock akafika St. Louis akawaka, akapiga wastani wa .348 msimu uliobaki, yaani katika mara elfu za kupiga anafanikiwa 348, Cardinals wakachukua World Series, yaani fainali ya ubingwa, mwaka huohuo, na mpaka anastaafu alikuwa ameiba besi 938 (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa) na ana hiti 3,023 (mapigo yaliyomfikisha kwenye besi). Broglio? Cubs aliwashindia mechi 7 tu, akapoteza 19, maana huku kushinda na kushindwa kwa mechi anaandikiwa mrushaji.

Ukiishia hapo umesema anachosema kila mtu. Ubishi wenyewe unaanza ukiuliza swali la tatu: siku ile walijua nini? Maana baada ya miaka sitini kila mtu ni mganga. Siku ile Broglio alikuwa ametoka kushinda mechi 18 msimu wa 1963, na Brock alikuwa anapiga .251, yaani katika mara nne anafanikiwa moja tu, na kule nje uwanjani mipira ilikuwa inampita. Watu wengi Chicago waliipongeza hiyo tredi! Mzee wa foklifti alikuwa na miaka tisa, anasema baba yake alifurahi. Kumbe kiwiko cha Broglio kilikuwa kimeshaharibika, mwisho wa mwaka akafanyiwa upasuaji. Sasa hilo ni kosa, au ni mkosi? Ukiuliza hivyo tu utaona meza inagawanyika, na wewe umeshaheshimika.

Halafu zitenganishe aina. Kuna tredi ya kukosa subira, kama Mets wa New York Desemba 1971, walikuwa na Nolan Ryan anarusha mpira kwa kasi ya kutisha ila hata yeye hajui utatua wapi, wakachoka, wakamtoa na wengine watatu ili wampate Jim Fregosi. Fregosi akavunjika kidole gumba kabla msimu haujaanza. Ryan akaenda kurusha mpaka 1993 na akawatoa wapigaji 5,714 kwa straiki, yaani walishindwa kuupiga mpira wake, hakuna aliyemfikia.

Kuna ile ya kununua ushindi wa mwaka huu kwa mtoto wa kesho, na hii usikubali kirahisi iitwe mbovu. Agosti 1987 Detroit walitoa kijana John Smoltz wakamchukua mkongwe Doyle Alexander, na Alexander akashinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, divisheni, yaani kundi lao ndani ya ligi, wakaichukua siku ya mwisho kabisa ya msimu. Smoltz akaja kuwa gwiji wa Atlanta, sawa, lakini walichokwenda kununua si walikipata? Mi naitetea hiyo popote.

Na kuna ya hela, timu inakwepa mshahara mkubwa wa nyota wake, mfano Mookie Betts Februari 2020, Boston wakampeleka Dodgers wa Los Angeles, na Dodgers wakabeba kombe mwaka uleule. Hapo usibishane na shabiki wa Boston, mpe pole tu upite.

Takwimu beba kidogo. Ipo moja inaitwa WAR, inajaribu kuhesabu mchezaji ameiongezea timu mechi ngapi za ushindi kuliko mtu wa kawaida ambaye ungemwita toka ligi ya chini. Inasaidia, ila ukianza nayo kabla ya stori watu wanachukua simu zao.

Ukitaka kushinda kabisa, tafuta tredi ambayo siku ileile haikuwa na kisingizio. Yangu ni ya Cincinnati, Desemba 1965, walipomtoa Frank Robinson kwenda Baltimore. Huyu hakuwa mtoto wa kukisia, alishakuwa mchezaji bora wa ligi 1961, na mwaka huo wa 1965 alikuwa amepiga homurani 33 (kuupiga mpira mpaka nje ya uwanja). Bosi wa timu akajitetea kwamba jamaa ana miaka 30 na sio 30 ya ujana. Wakampata Milt Pappas na wengine wawili. Mwaka uliofuata huyo "mzee" akapiga homurani 49, akaongoza ligi yake kwa wastani, homurani na kuleta ranzi (pointi) vyote vitatu, akawa mchezaji bora, Baltimore wakachukua World Series bila kufungwa mechi hata moja. Kiwiko hakikuwepo hapo, ni macho tu hayakuona.

Nilijiandaa na hii wiki nzima, nikaimwaga yote chumba cha mapumziko, mwaka na namba, sikukosea kitu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa yake, akatikisa kichwa kukubali. "Uko sahihi," akasema, "lakini Robinson hakuwa wetu." Akavaa glavu zake akarudi kwenye foklifti.