Nyumba ya mawe Mji Mkongwe: funga sensa kabla ya kamera

Mtu ukimwambia kulinda jengo la kale anakimbilia kununua kamera ya mlangoni. Sawa, misumari ya shaba ya mlango wa nakshi ina wezi wake, ila Beit el Ajaib ya Sultan Barghash, jumba la 1883, haikuibiwa, iliporomoka upande mmoja 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Kwa hiyo anza na ukuta.

Kwanza usinunue kitu. Panda juu na tochi baada ya mvua, tafuta nyufa, kila ncha ya ufa piga mstari wa penseli uandike tarehe, halafu bandika kipande chembamba cha kioo kikatize ufa. Kikikatika, ukuta unatembea. Hapo ndo ufunge sensa ya ufa (kifaa cha kupima upana wa ufa, sio ile ya kuhesabu watu jamani), mguu mmoja huku mwingine kule, isome kila nusu saa inatosha. Utaona ufa unapanuka kidogo na kurudi kati ya mchana na usiku, usipige yowe, ni joto la jua tu hilo. Cha kuogopa ni ufa unaopanuka leo na kesho haurudi, na hilo hulijui mpaka umepita nao masika nzima.

Sensa za unyevu weka pale boriti inapoingia ukutani, manake ncha ndo inaoza na kwa nje huoni kitu, hasa kama kuna fundi alishapiga plasta ya saruji juu ya chokaa, maji yakiingia humo hayatoki tena.

Wi-Fi kwenye kuta zile nene inakufa chumba cha pili, tumia LoRa (redio ya nguvu ndogo inayofika mbali), kituo kimoja cha kupokea juu ya paa mnachangia majirani kadhaa, na betri ndogo inakaa muda mrefu. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, chumvi ya bahari haina huruma. Na usitoboe jiwe, toboa kwenye chokaa katikati ya mawe, ukishapata ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Kamera sasa. Moja iangalie mlango, nyingine ipige picha ya ukuta uleule saa ileile kila asubuhi. Chochoro zetu unazijua, ukiegemea dirisha unamsalimia jirani, kwa hiyo dirisha lake lizibe kwenye setingi za kamera kabla hajaja kukuuliza.

Meseji ya hatari iende kwa mwenye ufunguo anayelala humo pamoja na fundi, sio kwa mwenye nyumba aliyeko Muscat peke yake. Sensa ya kwetu ililia siku ya tatu tu, jua linawaka, mvua hakuna, tukasema sensa mbovu hii. Kupanda juu, kumbe tenki la maji linadondosha tone tone kwenye ncha ya boriti, na boriti ukiiminya kwa kidole inaingia kama mkate.