Somo: Namna ya kusoma umri wa kanisa la kale la kijiji Uingereza

Kibao cha mlangoni kikisema "karne ya 12", usiamini kwamba jengo zima ni la wakati huo. Makanisa haya yamejaa viraka: ukuta wa mwaka 1000, dirisha la 1320, paa la 1480, vigae vya sakafu vya 1870. Kazi yako ni kujua kipi kilitangulia kipi. Beba tochi, darubini na futi ya kupimia. Mfano wetu ni St Peter's, Barton-upon-Humber, Lincolnshire.

Hatua ya 1. Zunguka nje kwanza. Altare iko mashariki, mnara kwa kawaida magharibi. Tafuta mshono, yaani mstari wa wima ambapo mawe ya pande mbili hayakufungamana. Kinachoegemea kimekuja baadaye. Kilichokatwa kilikuwepo kabla.

Hatua ya 2. Kagua mnara. Kwenye pembe, mafundi wa Kisaksoni (Waingereza wa kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066) walipenda kusimamisha jiwe refu, kisha kulaza bapa, kwa kupokezana. Barton ina pia mistari ya mawe membamba yaliyotokeza ukutani, ikiunda matao ya duara chini na pembetatu juu yake. Ghorofa ya juu kabisa haina mistari hiyo. Iliongezwa baadaye katika karne ya 11. Thomas Rickman, msanifu majengo Mwingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, alijenga hoja yake hapo: kama sehemu ya juu ni ya mtindo wa Kinormani wa mwanzo, basi iliyoibeba ni ya kabla ya Wanormani. Hoja hiyo ina nguvu kuliko pambo lolote.

Hatua ya 3. Pima unene wa ukuta mlangoni. Wa Kisaksoni mara nyingi hukaribia sentimita 75, wa Kinormani hupita mita 1. Ni dalili tu.

Hatua ya 4. Madirisha. Kichwa cha duara: kabla ya 1190 hivi. Jembamba lenye ncha, bila mgawanyo: takriban 1190 hadi 1250. Nakshi za mawe zinazopindapinda kama mwali wa moto: nusu ya kwanza ya karne ya 14. Fito zinazopanda wima moja kwa moja hadi kugusa tao: baada ya 1350, hadi miaka ya 1530. Ila dirisha hukupa umri wa dirisha, si wa ukuta. Mawe yaliyolizunguka yakiwa yamevurugika, limepachikwa.

Hatua ya 5. Ingia ndani, simama katikati, inua darubini juu ya matao. Walipotaka kupanua kanisa hawakubomoa ukuta wa zamani. Waliutoboa matao na kuongeza ubawa nje yake. Ndiyo maana wakati mwingine utaona nusu ya kidirisha cha kale, nusu nyingine imeliwa na tao. Ukikipata, umepata ukuta mkongwe kuliko nguzo zinazoubeba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, asante kwa somo. Kanisa nililoliona lina madirisha ya ncha yanayofanana yote, kingo kali kabisa. Ni karne ya 13?

Jibu: Shuku karne ya 19. Wakarabati wa enzi ya Victoria waliiga mtindo huo mno. Angalia jiwe: la kale limelika bila ulinganifu, na vipimo hupishana kidogo kati ya dirisha na dirisha.

Juu ukutani, karibu na tao la altare, kuna kimlango kisicho na ngazi. Cha nini?

Jibu: Kilifika kwenye roshani ya mbao iliyobeba msalaba mkubwa. Misalaba hiyo iliondolewa chini ya Mfalme Edward VI, na mwaka 1561 Malkia Elizabeth I akaamuru roshani zenyewe zishushwe. Mbao zikaenda, kimlango kikabaki.

Kaka, mbona mawe yanamomonyoka lakini mota (kiunganishi cha mawe) katikati yake iko imara?

Jibu: Hiyo mota ni saruji. Ya asili ilikuwa chokaa na mchanga, ambayo hupitisha unyevu. Saruji huuzuia, maji hutafuta njia kupitia jiwe, baridi ikiyagandisha uso wa jiwe hubanduka. Dawa ni kuikwangua taratibu kwa patasi, bila mashine ya kukatia, na kujaza upya kwa chokaa. Usifanye wakati wa baridi kali: chokaa mbichi ikiganda hupukutika.