Kompyuta Inaganda Kidogo Halafu Inaendelea: Anza na Daftari

Saiba yangu iko kwenye kichochoro nyuma ya soko la Kibuye, Kisumu. Nina kompyuta sita za mezani, zote za mtumba, na nimezipa namba kwa rangi ya kucha. Namba nne ndiyo iliyonifunza haya. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni, ritani za kodi za KRA zinafungwa tarehe 30, foleni imetoka nje hadi kwa muuza omena. Mama mmoja alikuwa amejaza fomu karibu yote, mara skrini ikasimama. Kipanya hakisogei, saa ya pembeni imekwama. Nikahesabu kimoyomoyo hadi kumi na mbili, ikaamka na kuendelea kana kwamba haikufanya lolote. Nikamwambia, "Ni netiweki tu, mama." Hapa kwetu netiweki hubebeshwa dhambi za kila mtu.

Kwa hiyo kwanza itoe netiweki lawamani, au uithibitishe. Kama ukurasa umekwama lakini kipanya kinatembea, na unaweza kufungua Notepad ukaandika jina lako, hiyo ni netiweki au kivinjari. Kama kila kitu kimesimama, bonyeza Caps Lock ukitazama taa yake kwenye kibodi. Ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashini bado ina fahamu. Kuna kitu inakingoja, na mara nyingi kitu hicho ni diski. Taa isipojibu kabisa, shida huenda iko chini zaidi: RAM (kumbukumbu ya muda), draiva (programu inayoendesha kifaa), umeme au bodi kuu. Si kipimo cha kuapia, lakini ni cha bure. Na kama kinachokwama ni kipanya peke yake, tena kisicho na waya, badilisha betri kabla hujaita mtu.

Fundi niliyemwita mimi hakupima chochote. Alisema tufomati. Akafomati, akaweka Windows upya, nikamlipa, na kesho yake namba nne ikaganda kabla ya chai. Tangu siku hiyo, mtu akitaja kufomati kabla hajauliza swali hata moja, namshukuru na kumfungulia mlango.

Nilichofanya ni kufunga daftari kwa uzi kando ya namba nne. Kila ikiganda, aliyeketi pale aandike saa, kilichokuwa kimefunguliwa, na alichosikia. Wateja walicheka, lakini waliandika. Kosa likawa langu. Mpwa wangu, anayenisaidia likizo, aliandika "saa tano kasorobo". Nikaenda kwenye kumbukumbu za mashini nikatafuta 4:45, sikuona kitu, nikatafuta 16:45, sikuona kitu. "Shangazi," akaniambia, "mimi naandika saa zetu. Kompyuta inasema 10:45." Basi andika saa kama kompyuta inavyoionyesha, si kama tunavyoisema, la sivyo utapoteza siku nzima kama mimi.

Daftari likishakuwa na nyakati tano au sita hivi, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Start, chagua Event Viewer, ndiko ziliko zile kumbukumbu za mashini, fungua Windows Logs, kisha System. Usiogope alama nyekundu na za manjano. Kila kompyuta inazo, hata iliyo nzima. Ile ya 10016, kwa mfano, hujaa kila mahali na haina madhara. Unachotafuta ni tukio lililoandikwa dakika ileile iliyo kwenye daftari. Kwangu lilikuwa namba 129, lenye maneno "Reset to device". Maana yake, Windows iliiomba diski data, ikangoja, ikakata tamaa, ikaigutusha diski upya. Muda huo wa kungoja ndio zile sekunde kumi na mbili. Tukio 153 ni jamaa yake: ombi lilishindikana likarudiwa. Namba 7, ambayo chanzo chake kimeandikwa "disk", ni mbaya zaidi, kwa kuwa inataja sehemu ya diski iliyoharibika. Namba 41 ni mambo mengine: mashini ilizimika ghafla, pengine stima imepotea.

Ukiona 129, 153 au 7, simama. Kabla ya kupima wala kurekebisha, nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Wengi hukimbilia amri ya Windows ya kukagua diski, chkdsk /r, ambayo husoma diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Diski inayokata roho inaweza kukatia roho humohumo, na faili zako ndani.

Halafu pakua CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, ni ya bure. Ina safu nyingi. Mimi hutazama tatu. 05 ni sehemu mbovu ambazo diski imeshazihamisha. C5 ni sehemu inazozishuku, bado haijaamua. C7 huhesabu makosa ya data ikiwa njiani kati ya diski na bodi. Angalia safu ya Raw Values, ukikumbuka kwamba programu hii huonyesha tarakimu za kikompyuta zenye herufi. Namba nne ilikuwa na sifuri kwenye 05, sifuri kwenye C5, na 19A kwenye C7. Hiyo 19A ni 410 kwa hesabu yetu. Diski nzima, njia mbovu.

Hesabu ya C7 hairudi nyuma hata ukirekebisha kosa, kwa hiyo ukubwa wake si hoja. Hoja ni kama inaongezeka. Niliandika 19A daftarini asubuhi. Jioni ilikuwa 1A3.

Nikafungua kasha. Ukitaka kufanya hivyo, zima, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, kwa sababu ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa. Kilichonikabili kilikuwa waya mwekundu wa SATA, ule unaounganisha diski na bodi, uliokunjwa kama mkia wa panya kwenye mtego. Kifuniko kilikuwa kimeubana, na aliyekifunga mara ya mwisho, baada ya kupangusa vumbi, alikuwa mimi. Nilinunua waya mpya kwa shilingi 200, nikauchomeka kwenye tundu jingine la bodi, nikaupitisha mbali na kifuniko. Siku tatu C7 ilisimama pale ilipokuwa, na daftari likakaa bila maandishi.

Kama kwako ni 05 au C5 zinazopanda, waya hautakusaidia. Diski inakufa, nunua nyingine. Ukinunua SSD, diski isiyozunguka, usiijaze pomoni, maana nyingine zikijaa nazo huanza kusitasita.

Namba mbili ilikuwa na ugonjwa unaofanana, lakini sababu yake ilinichekesha. Iliganda kila mtu alipofungua folda baada ya kukaa muda, na kabla ya kuamka ilitoa sauti "vuuu" ya kitu kinachoanza kuzunguka. Ilikuwa diski ya pili, ninayowekea picha za pasipoti za wateja. Windows huilaza diski isipotumika, na kuiamsha huchukua sekunde kadhaa. Nenda Power Options, kwenye mipangilio ya ndani, uweke "Turn off hard disk after" iwe Never. Ukiwa hapohapo, chini ya PCI Express, weka Link State Power Management iwe Off. Pia angalia kama kuna CD yenye mikwaruzo iliyosahauliwa ndani, au fleshi mbovu iliyochomekwa nyuma. Windows inaweza kuhangaika kusoma takataka hiyo huku wewe ukilaumu kompyuta.

Kama Event Viewer haina cha kusema kuhusu diski, sikiliza. Muziki ukikwama kwa sauti ya "trrrr" na kila kitu kusimama pamoja nao, shuku draiva, hasa ya kadi ya netiweki au ya picha. Programu ya LatencyMon itakuonyesha draiva inayochelewesha wenzake. Sasisha hiyo, au ikiwa shida ilianza baada ya kusasisha, rudisha ya zamani. Wenye kompyuta za AMD wana sababu yao nyingine: mwaka 2022 kampuni yenyewe ilikiri kwamba fTPM, sehemu yake ya usalama, ilikuwa ikizifanya baadhi zikwame kwa muda mfupi, na dawa ni BIOS mpya (programu ya bodi inayoiamsha kompyuta) kutoka kwa mtengenezaji wa bodi.

RAM sisi huisafisha kwa rabari ya mwanafunzi. Itoe, sugua taratibu zile nyuso za rangi ya dhahabu, futa mabaki, irudishe hadi usikie "ta" pande zote. Kisha weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi uiache ikimbie usiku kucha. Kosa hata moja halivumiliki. Kama una vipande viwili, pima kimoja kimoja ujue mwenye hatia.

Joto kwa kawaida hupunguza mwendo, haligandishi, lakini Kisumu siwezi kuliacha. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakija usiku kama moshi, hufuata taa, na feni huwavuta. Nimewahi kukung'uta kutoka kwenye feni moja kitu kilichofanana na majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 bila kazi nzito, safisha, na uweke pasta mpya chini ya heatsink, kile chuma cha kuipoza. Ukipuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke ovyo.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha ipe siku mbili. Ukibadilisha waya, RAM na draiva jioni moja, shida inaweza kwisha, lakini ikirudi kwenye namba tano hutajua uanzie wapi.

Namba sita nimeshindwa nayo. Diski nimehamisha, RAM nimebadilisha, pawa saplai nimeazima ya namba moja, bado inaganda. Kwenye bodi kuu kuna kapasita tatu zilizovimba vichwa, na bodi yake ingenigharimu karibu sawa na kasha zima la mtumba. Iko chini ya meza sasa, bila kifuniko, na skrubu zake nimeshazigawia zile tano.