Kuchuma na Kunywa Chai ya Sindano za Msonobari Mweupe kwa Usalama

Somo hili linahusu msonobari mweupe wa Amerika Kaskazini, Pinus strobus, mti rasmi wa jimbo la Maine, ambao wasemaji wa Kiswahili waishio Portland na Lewiston hupita chini yake kila siku. Nimeuchagua huo peke yake kwa makusudi, kwa sababu jina “msonobari” limebeba miti mingi isiyolingana.

Hatua ya kwanza, inayostahili muda kuliko nyingine zote, ni kuhesabu sindano, yaani majani yake membamba. Shika kishada kimoja pale kinapochipuka kwenye kitawi, ukitenganishe kwa kucha: msonobari mweupe una sindano tano katika kila kishada, nyembamba, laini, zenye urefu wa sentimita 7 hadi 13 hivi. Ukikuta sindano bapa zilizoota moja moja, acha, kwani huenda ni mti wa jenasi ya Taxus, unaopandwa sana kuwa uzio wa nyumba na ambao sumu yake huweza kusimamisha moyo. Kukosekana kwa matunda yake mekundu si dalili ya usalama, maana miti dume haizai.

Pili, chuma mbali na barabara na bustani zinazopuliziwa dawa, ukichukua kidogo kidogo kutoka matawi kadhaa.

Tatu, osha sindano, kata ncha za kahawia zilipoanzia, zikatekate kiasi cha kiganja kimoja, uzimwagie maji yaliyotoka kuchemka, ufunike kwa dakika 10, kisha uchuje. Usizichemshe juu ya moto. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza nikapata kinywaji kikali kama tapentaini, na vitamini C nayo hupungua kwa moto mrefu. Siku ya kwanza kunywa nusu kikombe tu, usubiri hadi kesho yake uone kama mwili umekataa.

Maswali

Mke wangu ni mjamzito. Anaweza kunywa?

Hapana, ndugu yangu. Sindano za Pinus ponderosa ya magharibi mwa Marekani zinajulikana kuharibu mimba za ng’ombe, na hakuna sababu ya kumjaribia mama mjamzito aina nyingine yoyote.

Mwalimu, huku Mafinga, Tanzania, tumezungukwa na paina (misonobari) za shamba la miti la Sao Hill. Nazo je?

Nyingi ya hizo ni Pinus patula, yenye asili ya Mexico, ambayo siwezi kukushauri uinywe. Utomvu unaogemwa huko ni malighafi ya viwandani, si chakula.

Je, gome la ndani huliwa?

Huliwa. Wafini walichanganya gome la msonobari wa kwao katika unga wa mkate wakati wa njaa ya 1866 hadi 1868. Hata hivyo, ukilibandua kuuzunguka mti mzima, mti hufa, kwa hiyo lichukue kwenye mti uliokwisha kukatwa tu.