Dar hadi Mwanza kwa ndege: piga hesabu mwenyewe

Nauza vitenge Kariakoo, na nusu ya wateja wangu wako Mwanza. Ndugu ninaowakatia tiketi hawaishi kuniuliza: ni mbali kiasi gani, na ndege inatumia muda gani?

Kwanza, usichanganye barabara na anga. Basi linalopitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga linakula zaidi ya kilomita 1,100. Ndege inakatiza.

Chukua ramani yenye digrii. Dar ipo kama 6.9 kusini na 39.2 mashariki, Mwanza 2.4 kusini na 32.9 mashariki. Tofauti ni 4.5 na 6.3. Digrii moja ni kilomita 111 hivi (zile za mashariki–magharibi hupungua ukiiacha ikweta, ila kwetu huku usihangaike nazo). Unapata 500 na 700, pande mbili za pembetatu mraba. Ile kanuni ya Pithagorasi uliyoichukia shuleni itakupa kama kilomita 860.

Muda sasa. Jeti kama Airbus A220 ikishatulia juu hukimbia kilomita 800 na ushee kwa saa, lakini kupaa, kushuka na kujikokota uwanjani kunakula muda. Mimi nagawa kwa 800, naongeza nusu saa: saa moja na dakika 35. Ya pangaboi, Dash 8 Q400, gawa kwa 650, nusu saa ileile: karibu saa moja na dakika 50.

Hiyo ni ndege tu. Nikitoka dukani na marobota yangu, natenga saa moja na nusu ya foleni ya Barabara ya Nyerere (mvua ikinyesha, Mungu anisaidie), kisha saa mbili za uwanjani. Kabla ndege haijawasha injini, nimeshamaliza muda mwingi kuliko nitakaokaa angani.

Halafu kuna saa ya kwenye tiketi. Baba mdogo alikatiwa ya 11:00. Akafika uwanjani saa kumi na moja jioni, koti la harusi mkononi, viatu vinang'aa, anauliza foleni ya Mwanza iko wapi. Ndege ilikuwa imeondoka tangu saa tano asubuhi. Toa sita: 11:00 ni saa tano, 15:00 ni saa tisa. Jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 20:00 ni saa mbili usiku. Siku hizi nikimtumia mtu tiketi, namwandikia saa ya Kiswahili kwa maneno, na "asubuhi" au "jioni" juu yake.

Saa za Dar na Mwanza ni zilezile. Jua ndilo linachelewa. Hutumia dakika nne kwa kila digrii, basi zile 6.3 ni dakika 25. Ukidaka daku Dar na kufuturia Mwanza, hizo dakika 25 utazifunga wewe.